Niliyoyafuta Malaba: Programu na Masalia Yake

Huenda msomaji akashangaa kumwona mhadhiri wa isimu, ambaye kazi yake ni sauti na maneno, akiingilia mambo ya mafundi wa tarakilishi. Sina shahada ya fani hiyo wala sidai utaalamu wake. Walakini yaliyonipata mjini Malaba katika likizo ya Agosti mwaka jana yamenionyesha kwamba swali la jinsi ya kuiondoa programu kabisa katika kompyuta linawahusu walimu na wanafunzi pengine kuliko linavyowahusu mafundi wenyewe, na kwamba ndani yake mna suala la lugha ambalo fundi hawezi kutuamulia.

Nilikuwa nimefika huko kwa utafiti. Kwa muda wa miaka sita hivi nimekuwa nikikusanya msamiati wa Ateso unaohusu nafaka, mapishi na pombe ya kienyeji. Kwa wasioifahamu, Ateso ni lugha ya Kinailoti, jamaa ya karibu ya Kiturkana na Kikaramojong, na wasemaji wake wa upande wetu wanaishi Teso Kaskazini na Teso Kusini katika Kaunti ya Busia, wakipakana na wasemaji wa lugha za Kibantu kama vile Olukhayo, Olusamia na Lubukusu. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, na tokea hapo Waiteso na Wasamia wamekuwa watu wa pande mbili: mjomba Kenya, shangazi Uganda. Mtafiti wa lugha hawezi kupata mahali pazuri kuliko hapo. Katika mlolongo wa malori yanayongojea kuvuka Malaba utasikia Kiswahili cha Mombasa, Kiganda, Kisomali na Ateso kabla hujamaliza kikombe kimoja cha chai.

Yupo mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili, binti wa Malaba, anayechunguza mazungumzo ya madereva na mawakala wa forodha. Hakuwa na kompyuta yake mwenyewe. Nami nilikuwa nimenunua kipakatalishi kipya, kwa hiyo nikamwahidi kile cha zamani. Nilitaka akipokee kikiwa safi, kwa kuwa si adabu kumpa mtu nguo ambayo mifuko yake bado ina karatasi zako. Data zangu za utafiti nilikwisha kuzinakili. Kilichobaki, kwa hesabu yangu, kilikuwa programu chache tu za kuondoa, na kubwa kati ya hizo ilikuwa kihariri cha matini nilichokuwa nikikitumia kila siku.

Hapa sharti nieleze kidogo. Kihariri cha matini si sawa na programu tunazozitumia kuandikia barua na ripoti, zile zenye mapambo ya herufi nzito, majedwali na picha. Kihariri huandika herufi tupu, bila pambo lolote. Sisi wana-isimu tunakipenda kwa sababu hiyo hiyo, maana faili ya herufi tupu husomeka katika mashine yoyote, na alama za kifonetiki, kama ile ya sauti ya kwanza ya neno "ng'ombe", hudumu zilivyo, mradi tu faili imehifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8. Nasema mradi kwa sababu nimeona maafa. Alama hiyo, ŋ, ikiandikwa kwa UTF-8 na kufunguliwa na programu inayodhani kwamba faili ni ya usimbaji wa zamani wa Windows, hujitokeza kama Å‹. Na ikiwa mtu ataihifadhi faili hiyo kwa usimbaji wenyewe wa zamani, ŋ hugeuka kuwa alama ya kuulizia, wala hairudi tena. Hata Notepad, kihariri kilichokuja na Windows tangu mwaka 1985, kilianza kuhifadhi kwa UTF-8 bila kuombwa mwaka 2019 tu.

Basi nilikipeleka kipakatalishi kwa kijana mmoja fundi mwenye kibanda karibu na stendi. Mazungumzo yetu nayakumbuka vizuri, maana nimeyarudia kichwani mara nyingi.

"Mwalimu, hii niitoe tu ama niifagie pamoja na masalia?"

"Ifagie yote, kijana. Nataka dada yako aipate safi."

"Kuna folda hapa imebaki, na ndani yake kuna nyingine ya nakala za akiba. Nayo pia?"

"Nimekwambia yote."

Fundi yule aliniuliza mara mbili. Programu yenyewe, kabla ya hapo, ilikuwa imeuliza kama data za mtumiaji zifutwe, na ni mimi niliyekuwa nimenyoosha mkono nikabofya ndiyo. Kwa hiyo msomaji asitafute mkosaji mwingine.

Kilichokuwamo katika folda ile nilikitambua usiku, nikiwa chumbani kwangu Busia, kilomita 30 hivi kutoka Malaba kwa barabara ya Adungosi na Alupe. Vihariri vya siku hizi vina ukarimu mmoja unaolemaza. Unafungua ukurasa mpya, unaandika, unafunga mashine bila kuuhifadhi ukurasa wala kuupa jina. Kesho ukikifungua kihariri, ukurasa wako unakungoja kama ulivyouacha. Mtu akizoea hivyo huanza kudhani kwamba ukurasa ule ni faili. Sivyo. Ni nakala ya muda ambayo programu imekuwekea katika folda yake yenyewe, mahali usipopaona. Mimi nilikuwa na kurasa tatu za namna hiyo. Mbili zilikuwa na upuuzi wa kila siku: nambari za risiti, vichwa vya mihadhara. Ya tatu ilikuwa na maneno 60 na kitu, niliyoyaandika mwezi mmoja kabla katika ua wa mama mmoja wa upande wa Amagoro, siku ambayo wanawake watano walikuwa wakipepeta wimbi na kubishana juu ya majina ya kila hatua ya kazi ile. Siku hiyo kinasa-sauti changu kiliishiwa na betri, nami nikapiga chapa kwa kasi nikiwa nimekiweka kipakatalishi magotini. Nilipoinakili data yangu yote nilinakili faili. Ukurasa ule haukuwa faili.

Kesho yake nilirudi kwa fundi. Alijaribu kuyafufua kwa programu ya uokoaji, lakini diski ya kipakatalishi kile ni ya aina mpya isiyo na sahani inayozunguka. Katika diski za zamani kitu kilichofutwa hubaki mahali pake hadi kiandikwe juu, na fundi hodari aweza kukiokota. Katika hizi mpya mfumo huiarifu diski kwamba nafasi fulani haitakiwi tena, nayo diski huisafisha kwa wakati wake, mara nyingi upesi. Hatukupata hata neno moja.

Sasa niruhusiwe kurudi darasani, ndiko niliko na haki ya kusema. Walimu wa Kiswahili tunaifundisha kauli ya kutendua kwa mifano ya jozi: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, bandika na bandua, pakia na pakua. Tunawaambia wanafunzi kwamba tendo la pili hubatilisha la kwanza, nao wanapata alama zao katika mtihani. Lakini hebu tuyatazame matendo yenyewe. Ukibandua tangazo la mgombea katika ukuta wa duka, karatasi hutoka na gundi hubaki, na mara nyingine rangi ya ukuta hung'oka pamoja na karatasi. Ukifungua mzigo uliofungwa wiki nzima, kamba huacha alama. Kitenzi cha kutendua kinatupa jina la tendo jipya linaloelekea kinyume na lile la awali, na hakina ahadi yoyote kwamba ukuta utarudi kuwa kama haujapata kubandikwa kitu.

Msomaji atazame simu yake iliyowekwa katika Kiswahili. Kuiweka programu kunaitwa kusakinisha, neno lililojengwa juu ya "sakini", yaani kukaa mahali, kufanya maskani. Ni neno zuri, kwa sababu linaifanya programu kuwa mpangaji. Kuiondoa, hata hivyo, hakuitwi kusakinua. Kunaitwa kusanidua, kutokana na "sanidi", yaani kupanga au kuunda. Kwa hiyo mpangaji anaingia kwa kitenzi kimoja na kutoka kwa kitenzi kingine kisicho jamaa yake, na mtumiaji anabaki akidhani kwamba kutoka kwake ni kinyume kamili cha kuingia. Wenzangu wa istilahi wataniwia radhi. Silalamikii neno, maana limekwisha kuenea na watu wanalielewa. Ninalosema ni kwamba lingekuwa neno la kutendua la kweli, bado lingetudanganya.

Kwa nini? Kwa sababu mpangaji huyu hakai chumba kimoja. Katika Windows, mwili wa programu huwekwa aghalabu katika folda ya Program Files, na huo ndio unaoondolewa unapokwenda kwenye Mipangilio na kuamuru programu itolewe. Mazoea yako, yaani ukubwa wa herufi unaoupenda, orodha ya faili ulizozifungua karibuni, maneno uliyoyaongeza katika kamusi ya kusahihishia tahajia, na wakati mwingine kurasa zisizohifadhiwa, hukaa kwingine, aghalabu katika folda inayoitwa AppData ndani ya folda yenye jina lako, nayo imefichwa isionekane kwa mtazamo wa kawaida. Kisha kuna rejista ya Windows, daftari kubwa ambamo mfumo huandika kwamba faili za aina fulani zifunguliwe na programu fulani. Kihariri chaweza kutoka na jina lake likabaki humo, kama kibao cha wakili aliyehama mji.

Mfumo wa Linux una unyofu zaidi katika jambo hili. Katika Ubuntu na Debian kuna amri mbili tofauti. Moja, "remove", huondoa programu na kuacha faili za mipangilio ya mfumo mzima. Ya pili, "purge", huondoa na mipangilio hiyo. Lakini hata hiyo ya pili haigusi vitu vilivyomo katika folda ya nyumbani ya mtumiaji. Waliouunda mfumo huo waliona kwamba kilicho nyumbani kwa mtu si cha programu tena, na mwenye haki ya kukitupa ni mwenye nyumba. Natamani ningekuwa nimelijua hilo kabla ya Agosti.

Mfano wa Vim utatufaa, na si kwa sababu za kiufundi peke yake. Vim ni kihariri kilichotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023. Wanafunzi wa kompyuta wanakifahamu kwa mzaha mmoja, kwamba ukiingia humo kwa mara ya kwanza hujui pa kutokea. Kabla ya kuuliza jinsi ya kukiondoa, mtu hujifunza kwanza kuandika nukta mbili, herufi q na alama ya mshangao. Lakini kwa miaka mingi, aliyekifungua kikiwa kitupu alipokewa na ujumbe wa kumwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alikuwa amekaa mwaka mzima, 1994, akijitolea katika kituo cha watoto huko Kibaale, wilayani Rakai, kusini mwa Uganda, na aliporudi kwao aliifanya programu yake kuwa ya hisani, akiwasihi watumiaji wachangie kituo hicho. Nikiwa pale mpakani, nikiyatazama malori yakivuka kuelekea Tororo, niliwaza ni watu wangapi duniani waliolisoma jina la nchi ile kwa mara ya kwanza katika kioo cha kihariri, wakalipita ili waendelee na kazi.

Turudi kwenye masalia. Vim huacha katika folda ya nyumbani faili ya mipangilio, na nyingine iitwayo viminfo, ambayo hukumbuka amri ulizoandika, maneno uliyoyatafuta na hata vipande vya matini ulivyovinakili. Ukikatizwa na umeme katikati ya kazi, huacha pia faili ya kubadilishana yenye maandishi ambayo hukuwahi kuyahifadhi. Faili hiyo ni takataka kwa mtu mmoja na wokovu kwa mwingine, na kinachoamua ni kilichomo ndani yake.

Nisije nikaeleweka vibaya, nikadhaniwa nahubiri kwamba kila salio litunzwe. Hatari ya upande wa pili ni kubwa vile vile, na walimu wanapaswa kuihofia. Kompyuta moja katika chumba cha walimu hutumiwa na watu kumi. Anayetunga mtihani wa mwisho wa muhula katika mashine hiyo, kisha akafuta faili na kukiondoa kihariri, aweza kuwa ameacha orodha ya faili za karibuni yenye jina la mtihani, nakala ya akiba yenye maswali yenyewe, na kipande kilichonakiliwa chenye majibu. Mwalimu wa nasaha aliyeandika habari za mtoto aliyedhulumiwa nyumbani ana jukumu zito zaidi. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, nayo inampa mtu haki ya kudai habari zake zifutwe katika hali fulani. Sijui tutaitimizaje haki hiyo mashuleni ikiwa hatujui habari zenyewe zimelala katika folda gani. Na kompyuta kuukuu zinauzwa na kununuliwa kila siku katika maduka ya Busia, zikivuka mpaka kwenda na kurudi kwa boda boda, chombo ambacho wengi husema jina lake lilizaliwa papo hapo.

Kwa hiyo mwenye kutaka kukiondoa kihariri kabisa namshauri aanze kwa kukifungua, wala asianze kwa kukiondoa. Autazame kila ukurasa uliomo, aupe jina na kuuhifadhi mahali anapopajua, aichukue kamusi yake ya maneno aliyoongeza, kisha azifungue faili zake zote muhimu kwa programu nyingine ili aone kama zinasomeka. Hapo ndipo akitoe, kisha ayatafute masalia katika AppData au katika folda ya nyumbani, ayasome moja baada ya jingine, na kufuta. Rejista asiiguse kama hajui afanyalo. Jina lililobaki humo halimdhuru mtu, na mkono usiojua humo waweza kuiangusha Windows nzima. Hata vihariri vilivyokuja na mfumo wenyewe aviache, hasa katika Linux, ambako programu nyingine zaweza kuvitegemea.

Wakati mwingine hatuulizwi. WordPad, programu ndogo ya kuandikia iliyokuja na Windows 95 na kudumu karibu miaka 30, iliondolewa na Microsoft wenyewe katika toleo la Windows 11 la mwaka 2024. Shule nyingi zisizomudu leseni za programu kubwa ziliitegemea. Faili zake za RTF hazikufutwa, zingali zinafunguka katika LibreOffice, ambayo ni ya bure, lakini mwalimu asiyejua hilo akifika asubuhi na kuzikuta zimekuwa ikoni tupu atadhani kazi ya miaka imeteketea. Hapo mpangaji ametolewa na mwenye jumba, na vyombo vimeachwa uani.

Mwezi Septemba nilirudi Amagoro. Mama alinikaribisha kwa atap na mboga, akaniuliza maneno yale nimeyapeleka wapi.

"Yamepotea, mama. Nimeyafuta mwenyewe."

"Umeyafuta? Wewe mwalimu?" Akacheka hadi akajishika mbavu, kisha akawaita jirani zake wawili waje kusikia. Wale wengine watatu wa siku ile hawakuwepo. Mmoja alikuwa amevuka kwenda kwa bintiye Tororo. Tukaketi, nikauliza upya. Nilipata maneno 43. Ni mazuri na nimeyahifadhi mahali panne. Lakini siku ya kwanza hawakuwa wakijibu maswali yangu; walikuwa wakigombana wao kwa wao, kila mmoja akiyatetea maneno ya kwao, na ugomvi ule ndio uliokuwa data. Safari hii waliketi kwenye viti wakanijibu kwa utaratibu, kama watu wanaohojiwa. Kuna neno moja la povu linalopanda maji ya moto yanapomiminwa juu ya ajon. Nakumbuka niliandika maneno mawili tofauti kwa povu hilo, na kando yake nikaandika kwamba mmoja wao alisema mwenzake anasema hivyo kwa kuwa mama yake alitoka upande wa pili wa mto. Nilipouliza tena, mama alinipa neno moja tu.

"La pili je?"

"La pili lipi, mwalimu?"

Sikuweza kumwambia.

Kipakatalishi anacho mwanafunzi wangu, naye anaendelea vizuri na madereva wake. Juzi alinipigia simu kutoka Malaba, akaniambia kwamba katika kupekua amekuta folda ya programu niliyoiondoa zamani, tena si ile ya Agosti, ina faili 11 zisizo na majina ya maana, na kwamba zinamjazia nafasi. Akataka kujua azifute. Nimemwomba asiguse kitu hadi nifike Jumamosi.